Wigo wa Mpaka Ikuti: Kutoka Kijiji cha Rika hadi Hati ya Kimila

Mpaka wa shamba na shamba katika kata ya Ikuti, wilayani Rungwe, kwa kawaida ni mstari wa mimea: matete ya kulishia ng'ombe, mti mmoja au miwili ya kudumu, pengine mtaro wa maji ya mvua. Swali la nani mwenye wigo huo, na nani anayepaswa kuupunguza, limezaliwa hivi karibuni kuliko wengi wanavyodhani. Zamani halikuwa na nafasi kubwa, kwa kuwa shamba lenyewe halikuwa la kudumu mikononi mwa mtu mmoja.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walikuwa wakiishi katika vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi au zaidi kidogo walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakakua pamoja, wakaoa na kubaki majirani. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliueleza mfumo huu kwa kirefu. Mwanamume alipata ardhi kwa kuwa mwanakijiji. Aliyehama, kwa ugomvi au kwa tuhuma za uchawi, aliiacha migomba yake na kupewa mingine aendako. Kila kizazi kiliposhika hatamu, katika sherehe iliyoitwa ubusoka, wazee walisogezwa na ardhi kugawanywa upya chini ya malafyale, yaani chifu, na wakuu wa vijiji, amafumu. Katika hali hiyo mpaka uliogombewa zaidi ulikuwa wa kijiji na kijiji, au wa chifu na chifu. Jirani alikuwa mwanarika, na wigo kati ya watu wa rika moja haukuwa na haja ya kuwa wa miaka mingi.

Zao la kudumu ndilo lililobadilisha mambo. Mgomba pia hudumu, lakini uliachwa na kurithiwa na kijiji. Mbuni wa kahawa ulikuwa na bei. Aliyeupanda alisubiri miaka kadhaa kabla ya kuvuna, na hakuwa tayari kumwachia mwenzake wa rika. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu umilikaji wa ardhi na mabadiliko ya jamii ya Wanyakyusa, alionyesha jinsi ardhi ilivyopungua huku watoto wakitaka kurithi mashamba ya baba zao, na vijana wengi wakienda kutafuta kazi, wakiwamo waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa. Baadaye chai ya wakulima wadogo ikaongeza shinikizo lilelile. Watoto walipogawana shamba la baba, mipaka iliongezeka kila kizazi, na kila mpaka ukahitaji alama.

Jibu la kienyeji kuhusu wigo ni rahisi kusema na gumu kuthibitisha. Mmea uliopandwa ndani ya shamba la mtu ni wake, na yeye ndiye anayeupunguza. Uliopandwa juu ya mstari kwa makubaliano ni wa wote wawili, na kila mmoja hufyeka upande wake. Shida huja mstari unaposogea. Matete hutambaa, na mvua za Rungwe ni nyingi kiasi kwamba msimu mmoja wa uvivu unatosha kuhamisha ukingo. Mkaratusi ni mbaya zaidi: kivuli na mizizi yake huingia kwa jirani bila mtu kuusogeza. Anayefyeka kila mwaka hatua moja mbele hushutumiwa kuula mpaka, na shutuma hiyo haisahauliki upesi.

 Mabadiliko mengine yalikuja kwa njia ya sheria za nchi. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, na amafumu wakapoteza kauli ya kugawa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, iliweka ardhi chini ya halmashauri ya kijiji na kuruhusu hati miliki ya kimila. Kabla ya hati kutolewa, mipaka huhakikiwa shambani, majirani wakiwapo. Mzozo hupelekwa kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Ngazi ya juu yake ni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 nalo husuluhisha tu. Hukumu hutolewa kuanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hati huonyesha mstari ulipo. Haisemi nani apunguze matete wala gharama za kukata mkaratusi zigawanywe vipi. Hilo bado huamuliwa na majirani wawili, wakisimama mpakani na panga mkononi, mbele ya mzee anayekumbuka nani aliyepanda.