Maskini wa Zama za Kati Hakuvaa Matope

Wasee, mwezi uliopita nilimaliza nguo za avata za mkulima wa Uingereza, miaka ya 1300. Kanzu ya sufu ya bluu inayofika magotini, na kofia nyekundu ya kitambaa inayofunika mabega, yenye mkia mrefu nyuma. Usiku tatu kwa Blender, bando ikaisha mara mbili. Mnunuzi wa kwanza akaniandikia: rangi ni nyingi mno, huyu ni maskini, mpake kahawia.

Tangu niache chuo, hii ndiyo kazi inanilipia nyumba. Ingekuwa rahisi nibadilishe na ninyamaze. Nilikataa, na acha niwaambie mbona.

Cheki gemu yoyote ya zama za kati. Mfalme ana rangi, wengine wote ni kama wametoka shimoni. Sasa sikiza. Mwaka wa 1363, wakati wa mfalme Edward III, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mavazi. Ilipanga nani avae nini kulingana na cheo na mali. Mchungaji wa kondoo, mtu wa jembe, mtu wa mkokoteni, kama mali yake haifiki shilingi 40, aliruhusiwa sufu nene ya bei ya chini pekee.

Jiulize: nani hutunga sheria ya kukataza kitu ambacho hakuna mtu anafanya?

Tauni ilikuwa imepita mwaka wa 1348 na 1349 ikaua watu wengi sana. Wafanyakazi wakawa wachache, mishahara ikapanda, na mtu wa kawaida akaanza kununua kitambaa kizuri. Wakubwa wakakasirika venye walikuwa wanafanana na watu wao wa shamba. Sheria yenyewe haikudumu, ikafutwa.

Na rangi haikuwa ya matajiri peke yao. Bluu ilitoka kwa majani, nyekundu kwa mizizi, njano kwa mmea mwingine. Ukichovya bluu juu ya njano unapata kijani. Ile ya bei kali ilikuwa nyekundu ya kung'aa iliyotengenezwa kwa wadudu. Halafu usisahau mitumba: London ilikuwa na wauzaji wa nguo kuukuu karne nyingi kabla Gikomba haijakuwepo. Kwa hivyo umaskini ulionekana kwa rangi iliyopauka na viraka. Hapo ndio mbunifu wa avata anafaa kufanya kazi.

Mshono nilitoa Greenland. Mwaka wa 1921, wachimbaji walifukua makaburi ya Herjolfsnes na kupata nguo za watu wa kawaida zilizohifadhiwa na baridi ya ardhi. Ukiziangalia unaona ujanja wa fundi: vipande vya pembetatu vimeshonewa pembeni ili nguo ipanuke chini na mtu atembee vizuri. Nikiweka hizo pembetatu, kanzu inacheza poa avata ikikimbia. Lakini udongo umezigeuza nyingi kuwa kahawia. Ukinakili hiyo rangi bila kufikiria, unavalisha avata yako kaburi.

Kinachoniuma ni hiki. Second Life ilifunguliwa mwaka wa 2003, na hadi leo watu wanauziana huko nguo walizobuni wenyewe. Kwa ulimwengu kama huo hakuna bwana wa kukuambia usivae bluu. Kitambaa hakina uzito, rangi haina bei. Na bado sisi wenyewe tunamvua maskini rangi yake, tukitii sheria ambayo hata waliyotungiwa hawakuipenda.

Nimemjibu yule mnunuzi. Nimepausha mabega, nikaongeza viraka viwili kwenye viwiko. Bluu imebaki.

Wewe ungebadilisha?