Umri wa Gari, Umri wa Betri

Mnunuzi wa Afrika Mashariki anayefikiria kuhamia gari la haibridi huuliza mambo mawili: linakula mafuta kiasi gani, na ni la mwaka gani. Makala haya yanadai kwamba swali la pili halitoshi, na kwamba upungufu huo umo hata katika kanuni zetu za uingizaji magari.

Swali la kwanza halina utata. Haibridi huvuna pale ambapo gari la kawaida hupoteza, yaani kwenye foleni. Dereva anapokanyaga breki, mota ya umeme hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo ingeishia kuwa joto la breki. Anayekabili foleni ya Barabara ya Mandela au ya Thika kila asubuhi ana sababu nzuri ya kulinunua; anayeshinda njiani kati ya Dodoma na Singida kwa mwendo usiobadilika atapata nafuu ndogo. Hofu kwamba mitambo yake ni mingi mno nayo imetiwa chumvi. Haibridi ya Toyota Aqua, kwa mfano, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2011, haina alteneta wala stata ya kawaida.

Penye uzito ni betri. Ya Aqua ya toleo hilo la kwanza ni ya nikeli: moduli 20 za volti 7.2 zilizounganishwa mfululizo kufikia volti 144, hivyo moduli moja ikidhoofika huziathiri zote. Adui yake mkubwa ni joto. Feni huipoza kwa kuvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi, au na mkoba wa abiria tu, betri hupata joto pasipo dereva kujua. Gari la miaka 6 lililotumika hivyo laweza kuwa na betri iliyochoka kuliko la miaka 10 lililotunzwa vizuri. Mafundi wetu hung'oa moduli mbovu na kuweka nyingine, nao ni ustadi wa kuheshimiwa. Lakini moduli zilizobaki ni za rika lile lile, na mara nyingi hufuata.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania huliruhusu, ila kwa ushuru wa ziada. Kipimo hicho kina mantiki kwa injini na moshi wake, lakini hakisemi lolote kuhusu betri. Kwa kuwa Kenya tayari hudai gari likaguliwe kabla ya kupakiwa melini, ukaguzi huo ungepaswa kujumuisha usomaji wa volti za kila sehemu ya betri, gari likiwa linavuta mzigo. Kifaa cha kusomea huchomekwa chini ya dashibodi. Hadi kanuni zibadilike, mnunuzi na amdai muuzaji usomaji huo kabla ya kutuma fedha, na akinyimwa, atafute gari jingine.