Droo ya Kadi na Chimbuko la Umilisi wa Habari katika Shule za Marekani

Umilisi wa habari, yaani uwezo wa kutambua kwamba taarifa inahitajika, kuitafuta, kuipima na kuitumia ipasavyo, ulianza kufundishwa katika shule za Marekani kabla haujapata jina. Mwaka 1900 shule ya sekondari ya Erasmus Hall, Brooklyn, ilimwajiri Mary Kingsbury, ambaye huhesabiwa kuwa mkutubi wa kwanza wa shule nchini humo kuwa na mafunzo rasmi ya kazi hiyo.

Somo la wakutubi waliofuata lilihusu zaidi katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, iliyoandikwa kwenye kadi za takriban sentimita 7.5 kwa 12.5, zilizopangwa kialfabeti katika droo ndefu na kushikiliwa na ufito wa chuma uliopenya matundu yake, ili mwanafunzi azipekue bila kuzichomoa. Kwa kawaida kitabu kilikuwa na kadi ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada, nazo zilibeba namba ya mfumo aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876, ambamo kilimo, kwa mfano, hukaa katika 630. Hazina ya droo hiyo ilikuwa hasa kadi za "tazama" na "tazama pia", kwa kuwa zilimfunza mwanafunzi, pengine kuliko kitabu chochote cha kiada, kwamba neno alilolifikiria yeye silo alilolichagua mpangaji. Kupima ukweli wa kilichosomwa hakukupewa uzito kama huo, maana kilichokuwa rafuni kilikwisha kuchujwa na mkutubi.

Sheria ya elimu ya 1965 iliziletea maktaba za shule fedha nyingi za vitabu, lakini jina la umilisi huo halikutoka shuleni: lilitolewa mwaka 1974 na Paul Zurkowski, rais wa chama cha kampuni za biashara ya habari, aliyekuwa akiwazia watu kazini. Wakutubi walilichukua, wakalipanua. Mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ikalitolea fasili ambayo ndani yake kupima taarifa kulisimama sambamba na kuipata.

Oktoba 2015 OCLC, shirika la huduma za maktaba la Ohio, lilichapisha kadi zake za mwisho za katalogi, wakati ambapo kazi ya kukisia neno lililokusudiwa na mwanafunzi ilikuwa imeshachukuliwa na mashine, inayoifanya kimyakimya.