Uzito wa Mja Mzito na Sheria za Kazi za Marekani

Kiswahili humwita mwanamke mwenye mimba mja mzito. Jina hili lina hekima ndani yake. Halimwiti mgonjwa, wala halimhesabu kuwa sawa na asiyechukua kitu. Humwita mtu mwenye uzito. Katika insha hii nataka kuonyesha, kwa mfano wa Marekani, jinsi sheria ilivyopotea njia mara mbili kabla ya kufikia maana ya maneno hayo mawili. Kwanza ilidhani kwamba mja mzito hawezi kitu. Kisha ikadhani kwamba hahitaji kitu.

Yafaa kwanza tuutazame mwili wenyewe. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, na moyo hufanya kazi zaidi hata anapokuwa ameketi. Tumbo linapokua, uzito huhamia mbele, mgongo hujipinda ili kuusawazisha, na kano za nyonga hulegea. Ndipo kuinama, kupanda ngazi na kusimama kwa muda mrefu kunapogeuka kuwa taabu. Walakini mabadiliko haya hayafuati kipimo kimoja kwa wanawake wote. Kichefuchefu huwasumbua wengi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, tumbo likiwa bado halijaonekana; tena wako waendeleao na kazi zao mpaka mwezi wa tisa.

Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Curt Muller, mwenye nyumba ya udobi katika jimbo la Oregon. Ilithibitisha sheria iliyokataza mwanamke kufanyishwa kazi ya udobi au ya kiwandani kwa zaidi ya saa 10 kwa siku. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba kusimama kutwa kunaudhuru mwili wa mwanamke, hasa anapokuwa na mzigo wa uzazi. Hapana shaka kwamba hukumu hiyo iliwapunguzia wengi mateso. Lakini iliwatia wanawake wote katika kapu moja, wenye mimba na wasio nayo, na ikaacha nyuma yake mazoea ya kuwaamulia pasipo kuwauliza.

Mazoea hayo yalizaa matunda machungu. Katika mji wa Cleveland, mwaka 1952, baraza la elimu lilipitisha kanuni kwamba mwalimu mwenye mimba aache kazi, bila mshahara, miezi mitano kabla ya kujifungua. Tena asirudi mpaka muhula uanzao baada ya mtoto wake kutimiza miezi mitatu. Ushahidi uliotolewa baadaye ulionyesha kwamba kanuni hiyo ilikusudiwa, pamoja na mengine, kumwepusha mwalimu na kicheko cha wanafunzi. Mwezi ulichaguliwa kwa kuwa ndio tumbo lianzapo kuonekana. Kipimo basi kilikuwa jicho la mtazamaji, si nguvu za mwenye mwili.

Mwalimu Jo Carol LaFleur, aliyetaka kufundisha mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, alilazimishwa kuondoka mwezi Machi 1971. Akashtaki. Tarehe 21 Januari 1974 Mahakama Kuu iliibatilisha kanuni hiyo. Madaktari wa pande zote walitofautiana katika mengi, lakini walikubaliana katika neno moja: uwezo wa mja mzito kuendelea na kazi ni jambo la kila mwanamke peke yake.

Mtu angedhani kwamba safari imekwisha. Kumbe ilikuwa imegeukia upande wa pili. Mwaka 1978 sheria mpya iliamuru mja mzito atendewe sawa na wafanyakazi wengine walio na uwezo kama wake. Neno hilo “sawa” lilileta tatizo. Peggy Young, dereva wa kampuni ya UPS, alipochukua mimba mwaka 2006 alishauriwa asiinue zaidi ya ratili 20, yaani kilo 9 hivi. Kampuni ilitaka dereva aweze kuinua ratili 70. Walioumia kazini walipewa kazi nyepesi, yeye hakupewa. Alikaa bila mshahara, akapoteza na bima ya matibabu, wakati ambapo aliihitaji zaidi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitengua hukumu iliyokuwa imemnyima haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Mwezi Juni 2023 ilianza kutumika sheria nyingine, inayowataka waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi wamrahisishie mja mzito kazi kwa kadiri iwezekanavyo: kiti cha kukalia, maji ya kunywa, mapumziko, au kuondolewa mizigo mizito. Tena sheria hiyo inakataza kumlazimisha achukue likizo ikiwa yako marekebisho mengine yafaayo.

Tangu 1908 mpaka 2023 ni miaka 115. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Historia hii yaongeza kwamba mzigo huo huweza pia kudhaniwa kuwa jabali. Aliyemwachisha kazi LaFleur na aliyemnyima kazi nyepesi Young walitofautiana katika makisio, wakafanana katika tendo: wote wawili waliukadiria mzigo bila kumsikiliza mchukuzi.