Hofu au takwimu: kipi kiongoze sera za kupambana na uhalifu?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliyewahi kukabwa usiku hahitaji takwimu kumwambia mtaa wake si salama. Lakini sheria ikitungwa kwa sababu watu wameshtuka tu, inaweza kumfunga mtu miaka mingi bila kupunguza wizi. Marekani ni mfano mzuri wa mvutano huu.

Namba zinasema nini?

Kwa mujibu wa takwimu za FBI, uhalifu wa kutumia nguvu nchini Marekani ulishuka kwa karibu nusu kati ya 1993 na 2022. Hata hivyo, taasisi ya Gallup imekuwa ikiwauliza wananchi kama uhalifu umeongezeka kuliko mwaka uliopita. Katika tafiti 23 kati ya 27 zilizofanyika katika kipindi hicho, watu 6 au zaidi kati ya 10 walijibu ndiyo, umeongezeka.

Jambo la ajabu ni kwamba wengi huona hali mbaya zaidi nchini kwa jumla kuliko pale wanapoishi. Mtaani kwake mtu anajionea mwenyewe. Nchi nzima anaiona kwenye runinga na klipu za simu, na huko tukio baya ndilo habari. Siku ikipita bila tukio, hakuna anayetuma klipu.

Hofu ilipotunga sheria

Mwaka 1994 jimbo la California lilipitisha sheria ya "makosa matatu", wakati wananchi wakiwa na hasira kutokana na mauaji ya msichana mdogo. Mtu mwenye makosa mawili mazito ya nyuma akitenda kosa lolote kubwa la jinai, alipewa kifungo cha kuanzia miaka 25 hadi maisha.

Mwanamume mmoja alifungwa hivyo kwa kuiba fimbo tatu za gofu zenye thamani ya takriban dola 1,200. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali adhabu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Wakati sheria inapita, uhalifu wa kutumia nguvu California ulikuwa umeshaanza kushuka tangu 1992. Mwaka 2012 wapiga kura wenyewe waliilegeza: kosa la tatu nalo lazima liwe zito au la kutumia nguvu. Wafungwa zaidi ya 1,000 wakatoka.

Je, takwimu zinatosha?

Hapana. Namba za polisi huhesabu kesi zilizoripotiwa tu. Mtu aliyeibiwa simu akaona kwenda kituoni ni kupoteza muda, hayumo. Ndiyo maana tangu 1973 Marekani hufanya pia utafiti wa kuwauliza watu nyumbani kama wamewahi kutendewa uhalifu, wawe waliripoti au la.

Takwimu pia huchelewa, na wakati mwingine zina mapengo. Mwaka 2021 FBI ilipobadili mfumo wa kukusanya taarifa, polisi wa New York na Los Angeles hawakuwasilisha taarifa zao za mwaka huo kwenye mfumo mpya.

Na si kila hofu ni uzushi. Mwaka 2020 mauaji Marekani yalipanda kwa karibu asilimia 30. Aliyesema mambo yameharibika mwaka ule alikuwa sahihi.

Njia ya katikati

Hofu yenyewe ina gharama. Mama anayeacha kazi ya zamu ya usiku kwa kuogopa njia ya giza amepoteza kipato, hata kama hakuna aliyemgusa. Serikali haiwezi kumwambia tu "namba ziko vizuri, tembea".

Kilichofanyika New York mwaka 2016 kinafundisha. Taa kali ziliwekwa kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha yakalinganishwa na yale yasiyowekewa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban theluthi moja.

Giza ni jambo ambalo watu hulilalamikia, na kipimo kikaonyesha kwamba dawa inafanya kazi. Hofu ya wananchi ina haki ya kusema tatizo liko wapi. Lakini kabla ya kumfunga mtu miaka 25, namba nazo ziulizwe.