Jina Kwenye Ukingo wa Medali

Septemba ni mwezi wa kusi. Upepo hutoka upande wa mji, ukapita Mtoni, Bububu na Chuini hadi Mangapwani, na chochote kinacholia huko kusini huja nao. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, kilicholia kilikuwa mizinga. Mvuvi aliyekuwa akishusha ngalawa Mangapwani, kilomita 20 na ushei kutoka bandarini, yaelekea aliusikia mshindo mapema kuliko habari yenyewe.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Zanzibar huku mitambo yake ikitengenezwa. Manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg, ikatoka mafichoni katika delta ya Rufiji na kuikuta pale pale, imelala. Pegasus ilikuwa chombo kikuukuu kilichoshushwa majini mwaka 1897, na mizinga yake 8 haikuweza kufika alipo adui. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, na nahodha wake, Max Looff, alijua vizuri akae umbali gani ili apige asipigwe. Haikutimia hata saa moja. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, wengine kadhaa wakajeruhiwa, na chombo kikazama. Kabla ya kuondoka, Wajerumani waliangusha majini mapipa yaliyojazwa mchanga ili watu wa pwani wadhani bandari imetegwa mabomu. Ujanja rahisi, lakini nani angethubutu kwenda kulifungua pipa lile kuhakikisha?

Sehemu ya maiti wale walizikwa Chapwani, kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji, ambacho Waingereza walizoea kukiita Kisiwa cha Makaburi. Majina yao yapo. Kitukuu wa baharia mmojawapo, akiwa sebuleni kwake Uingereza, akiandika jina la ukoo katika orodha ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hupata cheo cha babu yake, jina la meli, tarehe ya kifo na mahali alipolazwa. Dakika mbili zinamtosha.

Sasa na ajaribu kitukuu wa Mangapwani.

Tuseme katika nyumba moja ya kijiji hicho babu mzaa babu alikwenda "vita vya Mjarumani" bara na akarudi, au hakurudi. Familia inajua hilo tu. Labda kuna kitu kimefungwa kitambaa ndani ya kasha la bibi, labda hakuna. Njia ya kumtafuta mtu huyo inategemea swali moja ambalo wengi hawalifikirii: alikwenda kama nani? Alikuwa askari, au alikuwa mpagazi? Jeshi la wakoloni liliwaandika watu hawa wawili katika madaftari mawili tofauti, kwa uangalifu tofauti, na miaka zaidi ya 100 baadaye tofauti hiyo bado inauma.

Tuanze na mpagazi, kwa kuwa walikuwa wengi zaidi. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi na nyumbu, na reli zilikuwa chache. Kila risasi, kila gunia la mchele, kila sanduku la dawa lilipita juu ya kichwa cha mtu. Jeshi la Wapagazi ndilo lililotuachia jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi; Waswahili walilisikia jina la Kiingereza, Carrier Corps, likitamkwa kambini wakalitia katika ulimi wao. Hata mizinga ya meli ilipata kukokotwa porini. Waingereza walipoiangamiza Königsberg katika Rufiji tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliitoa mizinga yake, wakaitia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa kutoka majini. Leo mmoja wa kila upande umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, na wageni hupiga picha hapo. Ukiuliza, utaelezwa chombo ulichotoka, ukubwa wa tundu lake na vita ulivyopigana. Mzinga una wasifu kamili. Watu walioukokota hawana hata robo yake.

Zanzibar ilipotakiwa kutoa wapagazi mwaka 1916, aliyejitokeza kuwaongoza alikuwa mtu asiyetarajiwa: Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, mwenye kanisa la Mkunazini. Alipewa cheo cha meja, akavuka bahari na watu wake, akatembea nao kwa miguu. Mtu huyu hakuwa mpole. Baada ya vita aliandika kijitabu kikali kuwashambulia Waingereza wenzake kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, akiwafananisha na watumwa wa kilimo wa Ulaya ya zamani. Alifariki mwaka 1924. Maisha yake yameandikiwa kitabu, na barua zake zimehifadhiwa. Wale aliotembea nao, kumpata hata mmoja kwa jina lake ni kazi ya siku nyingi.

Si kwamba hawakuandikwa kabisa. Wapagazi wa jeshi la Uingereza walipewa vibati vya namba, na alama za vidole zilichukuliwa. Tatizo ni kwamba namba ilikusudiwa kumlipa mtu mshahara, haikukusudiwa kumkumbuka. Alipokufa kwa kuhara au homa ya mapafu porini, mara nyingi mshahara wake ulibaki bila mwenyewe kwa sababu karani hakujua warithi awatafute wapi. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na magharibi pamoja na Wamisri, waliachwa bila kuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Kamisheni ile ile ilijengwa juu ya kanuni kwamba wafu wote ni sawa.

Na hapa Mangapwani ina jambo lake. Jina la kijiji lenyewe linaeleza: pwani ya Manga, yaani ya Waarabu. Kando ya bahari kipo chumba kilichochimbwa chini ya ardhi katika mwamba wa matumbawe, chenye giza na ngazi za kushukia, ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa cha Mohamed bin Nassor al-Alwi. Inaelezwa kwamba kilitumika kuficha watu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Utumwa wenyewe Unguja haukufutwa kisheria hadi 1897. Piga hesabu: mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1916 alizaliwa kabla ya tarehe hiyo. Si kila mpagazi alikuwa na historia hiyo, lakini aliyekuwa nayo huenda alipitia majina mawili au matatu katika umri wake. Aliitwa Feruzi, Mabruki, Almasi au Songoro na bwana wake. Baadaye akajichagulia jina lingine, akajiita bin fulani. Karani wa jeshi aliandika lile alilolisikia siku ile, kwa tahajia aliyoijua yeye. Wajukuu wanalijua la mwisho tu.

Ndiyo maana watafutaji wenye uzoefu hawakimbilii Ulaya kwanza. Huanza kwa wazee, na swali lao la mwanzo si "alipigana wapi?" bali "alipata kuitwa nani mwingine?" Kisha ndipo wanakwenda Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ambako kuna majalada ya ubalozi wa Uingereza na ya ofisi za serikali, pamoja na Gazeti Rasmi lililoanza kutoka mwaka 1892. Mara nyingine babu hupatikana kwa urahisi zaidi katika orodha ya watumwa walioachwa huru kuliko katika orodha ya vita.

Askari ni habari nyingine. Kikosi cha King's African Rifles, kwa kifupi KAR, kilitafunwa na Kiswahili kikawa "keya", na mpaka leo wazee husema fulani alikuwa "askari wa keya". Zanzibar ilikuwa na bunduki zake. Mwaka 1917 askari wa Zanzibar na wa Mafia walikusanywa ikaundwa batalioni ya saba ya keya. Askari aliandikwa jina, namba na cheo, akapigana, na vita vilipokwisha akastahili medali.

Medali ya vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 ni ya fedha, ina upana wa milimita 36, na upande mmoja ina mtu asiye na nguo juu ya farasi anayekanyaga ngao ya adui, huku fuvu la kichwa likiwa chini ya kwato. Mtu akiitazama kwa haraka ataona farasi na sura ya mfalme. Mtaalamu haangalii kwanza uso wa medali. Huishika kwa kidole gumba na cha shahada, akaisimamisha wima kama anayepima sarafu, kisha akaizungusha taratibu kwenye mwanga. Ukingoni, pembezoni kabisa ambapo jicho halifiki kwa kawaida, pamepigwa mhuri wa namba, cheo, jina na kifupisho cha kikosi. Herufi zile ndogo ndizo hati ya kazi ya mtu huyo. Katika familia nyingi hakuna hati nyingine.

Medali ya fedha ina maadui wawili. Wa kwanza ni sonara: nyumba ikikosa pesa, fedha ni fedha, na jina likaingia motoni likatoka bangili. Wa pili ni duka la vitu vya kale. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, pembeni ya saa za ukutani na rupia za zamani, medali na vifungo vya sare huonekana mara moja moja. Mkusanyaji mzuri hufurahi kununua medali yenye jina, na wengine wao wamefanya utafiti mkubwa kuliko serikali yoyote. Lakini ikishapanda ndege bila mtu kunakili ukingo wake, familia imepoteza barua pekee iliyokuwa nayo. Picha moja ya simu ingetosha, na hakuna sheria inayomzuia mwenye duka kuipiga.

Kwa vita vya pili mambo yanageuka. Medali ambazo Waingereza waliwapa watu wao na askari wa Afrika Mashariki baada ya 1945 hazikupigwa majina. Mtu anayepata nyota ya shaba katika kasha hataliona jina la babu hata akiizungusha mchana kutwa. Nyota hizo zinaeleza kitu kingine: alikokwenda. Iliyoandikwa jina la Afrika inaashiria, kwa askari wa huku, vita vya Uhabeshi na Somalia vya 1940 na 1941. Iliyoandikwa Burma ni ya wale waliopelekwa "Bama", kama wazee walivyoiita, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi kuvuka mto Chindwin. Aliyepigana Madagaska mwaka 1942 hana nyota ya kisiwa hicho. Alihesabiwa katika nyota ya jumla ya 1939 hadi 1945. Utepe nao husaidia: wa Burma una nyekundu katikati na buluu pembeni iliyopitiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Tatizo la utepe ni kwamba huliwa na mende.

Watu hudhani kwamba Ulaya kila karatasi imehifadhiwa. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza ghala la London lililokuwa na majalada ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza, na zaidi ya nusu yakawa majivu. Huku kwetu mambo yamewahi kwenda kinyume. Majalada ya askari wa keya ambayo ilidhaniwa yamekwisha kuharibiwa yalikutwa Kenya, mikononi mwa jeshi la nchi hiyo, na majina zaidi ya 3,000 yakaanza kusomwa upya. Kumbukumbu nyingine si ya karatasi bali ya jengo: mjini Zanzibar, Waingereza walijenga jumba la makumbusho la Beit el Amani, Nyumba ya Amani, lililofunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya mwisho wa vita vile. Kila anayekwenda uwanjani siku ya sikukuu hulipita jumba hilo na kuba lake, na wengi hulidhani msikiti.

Basi asiye na medali, kibati wala karatasi afanye nini? Upande wa pili wa vita lilikwisha kuulizwa swali hilo. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, mishahara ambayo hawakulipwa tangu 1918. Kama kisa kinavyosimuliwa, wazee wapatao 350 walijikusanya Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, wengine na vipande vya sare vilivyochakaa, wengi mikono mitupu. Ofisa aliyeleta pesa hakuwa na njia ya kujua nani ni nani. Akachukua ufagio, akampa mzee wa kwanza, akampigia amri kwa Kijerumani: bunduki begani, bunduki chini. Mzee akaufanyia ufagio kila hatua. Akaitwa wa pili, akaitwa wa tatu. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.