Fidia Iliyoanza na Disketi

Desemba 1989, katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, abiria mmoja Mmarekani aliyekuwa akitoka Nairobi aliandika kwenye begi la abiria mwenzake kwamba Dkt. Popp ametiliwa sumu. Polisi walipopekua mizigo ya Mmarekani huyo walikuta muhuri wa kampuni iitwayo PC Cyborg. Mapema 1990 FBI walimkamata kwao Ohio.

Abiria huyo, Joseph Popp, hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mwanabiolojia aliyesomea Harvard, akaja Kenya kuchunguza nyani, na baadaye akajihusisha na shughuli za afya na vita dhidi ya UKIMWI. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshtakiwa kwa kutunga kirusi cha kwanza cha fidia kinachojulikana: programu inayoteka mafaili yako, kisha inakudai pesa uyakomboe.

Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London. Waliopelekewa walikuwa wasomaji wa jarida la PC Business World na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI. Disketi ilijitangaza kuwa na maelezo kuhusu ugonjwa huo, na kweli ilikuwa nayo: ilimuuliza mtu maswali juu ya mwenendo wake, ikampimia hatari ya kuambukizwa. Mwaka ule, wakati UKIMWI ulipokuwa hofu ya dunia nzima, nani angeiacha bila kuijaribu? Ndani ya bahasha mlikuwa pia na karatasi ya masharti yenye maandishi madogo, iliyoonya waziwazi kwamba asiyelipa kompyuta yake itaacha kufanya kazi kama kawaida. Karatasi za aina hiyo hazisomwi hata leo.

Programu ilijificha ndani ya kompyuta, ikawa inahesabu kila mara inapowashwa. Ilipofika mara ya 90 au karibu na hapo, ilificha folda na kuvuruga majina ya mafaili. Kioo cha kompyuta kikamwagiza mwenyewe awashe printa, na ikatoka ankara: dola 189 kwa kuitumia mara 365, au dola 378 kwa uhai wote wa diski, zitumwe kwa PC Cyborg kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Mafaili yenyewe, hata hivyo, yalikuwa mazima. Kilichovurugwa ni majina tu, na ufunguo wa kuyarudisha ulikuwa ndani ya programu hiyohiyo. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliichambua akatoa programu mbili, AIDSOUT ya kuking'oa kirusi na CLEARAID ya kurudisha majina. Lakini kabla dawa haijasambaa, wapo waliokwisha kufuta diski zao zote kwa hofu. Iliripotiwa kwamba taasisi moja ya utafiti wa UKIMWI nchini Italia ilipoteza kazi ya miaka kumi kwa njia hiyo. Kirusi hakikuifuta kazi ile, waliifuta wenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika kisa chote, kwa sababu limejirudia mara nyingi tangu hapo.

Popp alipelekwa Uingereza, lakini hakuhukumiwa. Alionekana akiwa na vibiringishio vya nywele kwenye ndevu, na mwishoni mwa 1991 jaji akaona kwamba hali ya akili yake haimruhusu kujibu mashtaka. Mawakili wake walisema pesa zilikusudiwa utafiti wa UKIMWI. Mahakama ya Italia ilimtia hatiani mwaka 1993 bila yeye kuwapo.

Kosa la kitaalamu la disketi ile, la kuacha ufunguo ndani ya programu, lilisahihishwa na wasomi, tena mchana kweupe. Mwaka 1996 Adam Young wa Chuo Kikuu cha Columbia na Moti Yung wa IBM walichapisha onyo: mhalifu atatumia funguo mbili. Ufunguo wa umma ni kama kufuli lililo wazi, ambalo yeyote anaweza kulibana likajifunga. Wa kulifungulia anabaki nao mhalifu, haufiki kamwe kwenye kompyuta ya mwathirika. Fundi akichambua kirusi usiku kucha, hatapata cha kufungulia, maana hakimo.

Ilibaki shida ya malipo. Sanduku la posta lina mwenyewe, na akaunti ya benki ina jina. Waliofuata walihangaika na njia hii na ile. Archiveus ya 2006 ilimtaka mwathirika anunue dawa kwenye duka la mtandaoni, na karibu 2012 vilienea virusi vilivyojifanya ni polisi, vikitoza faini. Kisha ikaja bitcoin. CryptoLocker, kilichoibuka Septemba 2013, kilikuwa na vyote viwili: kufuli lisilovunjika na pesa isiyo na jina. Kilidai kama dola 300, kikaweka saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka saa 72. Katikati ya 2014 polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao uliokieneza, na Agosti mwaka huo kampuni za FireEye na Fox-IT zikafungua tovuti ya kutoa funguo bure. Aliyekuwa ametunza mafaili yake yaliyofungwa aliyapata. Aliyeifomati kompyuta kwa hasira hakuwa na cha kufungua.

WannaCry cha Mei 2017 kinajulikana zaidi, kwa hiyo sitakaa nacho. Kilipenya kwa kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikwisha kuiziba Machi, kikafika nchi 150 na kuzitesa hospitali za Uingereza, hadi kijana Marcus Hutchins alipokizima kwa kusajili jina moja la tovuti. Ujumbe wake wa kudai pesa uliandikwa kwa lugha 28. Kiswahili hakikuwamo, lakini dola 300 hazihitaji mkalimani.

Kwa kompyuta ya nyumbani, kirusi cha kuogopa zaidi ni STOP, kiitwacho pia Djvu, kilichoenea tangu mwisho wa 2018. Hakivunji mlango, hukaribishwa. Hukaa ndani ya kraki, zile programu za kuwezesha Windows, Photoshop au gemu bila kulipia, ambazo zenyewe humwambia mtu azime antivirusi kwanza. Wakati kinafanya kazi huweza kuonyesha dirisha la uongo la usasishaji wa Windows, ili mtu asishangae kompyuta ikiwa nzito. Baadaye picha hazifunguki, kila faili limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina, na katika folda kuna faili liitwalo _readme.txt, ambalo kwa muda mrefu lilidai dola 980, au nusu yake kwa aliyewahi ndani ya saa 72. Nusu bei hiyo ni saa ileile ya CryptoLocker katika vazi la biashara.

Ukiyaona hayo, zima Wi-Fi na uchomoe flashi na diski za nje, kwani nazo hufungwa. Piga picha ya ujumbe kwa simu. Badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, kwa sababu STOP mara nyingi huja na mwizi wa nywila. Usimruhusu fundi kufomati kabla hujahamishia mafaili yaliyofungwa, pamoja na ule ujumbe, kwenye diski ya pembeni. Kisha nenda No More Ransom, tovuti iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama. Unapakia mafaili yaliyofungwa na ujumbe, nayo inakuambia ni kirusi gani na kama kuna ufunguo.

Kwa STOP, ufunguo upo kwa wengine tu. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft, pamoja na mtaalamu Michael Gillespie, ilitoa programu ya bure kwa matoleo 148 ya zamani. Katika matoleo yaliyofuata, kompyuta ambayo haikuweza kuwasiliana na wahalifu wakati wa kufungwa ilitumia ufunguo mmoja wa akiba, na ufunguo huo ukishapatikana huwafaa wote waliofungwa nao. Waliopewa ufunguo wao peke yao hawana njia ya bure. Hata hivyo, STOP hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo video ndefu huweza kutengenezwa, na nyaraka ndogo hazitengenezeki.

Ukitafuta dawa, tazama unakoichukua. Juni 2020 ilisambazwa programu iliyojidai kufungua mafaili ya STOP. Walioikimbilia walikuta mafaili yaliyokwisha kufungwa yamefungwa mara ya pili na kirusi kingine kiitwacho Zorab, kikiwadai fidia yake.